Nusu ya shamba, jirani mzima: imani ya waliorudi kutoka Tanzania

Na Mwandishi Wetu, Rumonge

JUMAPILI katika vijiji vya Rumonge na Nyanza-Lac huna haja ya kumwuliza mtu kama alibaki nchini au alirudi. Subiri kwaya isimame. Wimbo wa kwanza huimbwa kwa Kirundi, na kanisa zima hufuata. Wimbo wa pili huimbwa kwa Kiswahili cha Tabora na Kigoma, na hapo utaona baadhi ya watu wanaimba wamefumba macho, huku wengine wakitazama midomo ya jirani ili wasipotee. Waliofumba macho ndio waliorudi.

Kwa Kirundi tunawaita abahungutse, yaani waliorejea kutoka ukimbizini. Wale waliotupokea tunawaita abasangwa, yaani waliokutwa. Maneno haya mawili yamebeba ugomvi mwingi. Yameandikwa katika mafaili ya kesi za ardhi, yametamkwa kwa hasira sokoni na visimani. Lakini yamebeba pia jambo jingine ambalo magazeti huligusa kwa nadra: jinsi watu waliopoteza karibu kila kitu walivyoendelea kuamini, na imani hiyo ilivyowafaa au ilivyowashinda.

Mimi ni mmoja wa waliorudi. Nilizaliwa Ulyankulu, mkoani Tabora, kwa wazazi waliokimbia Rumonge mwaka 1972. Nimesikia mara nyingi katika mahubiri kwamba imani ndiyo iliyotuvusha. Ni kauli rahisi kuitamka ukiwa madhabahuni. Katika makala hii nataka kuiuliza maswali ambayo mchuuzi yeyote wa mpakani huuliza kabla ya kufungua mkoba: imani hiyo ilifanya kazi gani hasa? Gharama yake ilikuwa kiasi gani? Na ni nani aliyeilipa?

Mzigo usiopimwa mpakani

Aprili 29, 1972, mashambulizi yalianza kusini mwa nchi, katika maeneo ya Rumonge na Nyanza-Lac, na Watutsi wengi waliuawa. Jeshi lilijibu kwa mauaji makubwa zaidi ya Wahutu yaliyoenea nchi nzima, yakiwalenga hasa waliosoma: walimu, wanafunzi, makarani, wachungaji na mapadri. Makadirio ya waliokufa ni kati ya watu 100,000 na 300,000. Makumi kwa makumi ya maelfu walivuka kuingia Tanzania, wengine kwa mitumbwi kupitia Ziwa Tanganyika, wengine kwa miguu kupitia milima ya Manyovu.

Serikali ya Mwalimu Nyerere iliwapa ardhi. Ulyankulu ilifunguliwa mwaka 1972, Katumba mwaka 1973, na Mishamo mwaka 1978. Kazi ya kuyajenga makazi hayo ilifanywa na serikali, Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi (UNHCR) na shirika la Kikristo la TCRS, lililoundwa mwaka 1964 chini ya Shirikisho la Makanisa ya Kilutheri Duniani. Kila familia ilipimiwa kipande cha pori, ikapewa jembe na mbegu, ikaambiwa ilime. Palikuwa na miti ya miombo, mbung'o na simba. Baada ya miaka michache palikuwa na tumbaku, mahindi na mihogo, na wakimbizi wakawa wanalisha wenyeji badala ya kulishwa.

Wazee wetu walipenda kusimulia kwamba katika kila kijiji cha makazi, jengo la kwanza la watu wote lilikuwa kanisa, kabla ya shule na kabla ya zahanati. Kuta zilikuwa za udongo, paa la nyasi, na viti vilikuwa magogo. Wapentekoste waliotoka upande wa Kiremba, ambako wamisionari wa Kiswidi walianza kazi mwaka 1935, waliimba nyimbo zao. Wakatoliki walisali rozari zao. Waanglikana walikuwa na vitabu vyao vya sala vilivyochakaa. Mkatoliki alitamka "Yezu" na Mprotestanti "Yesu", kama ilivyo Burundi mpaka leo, na tofauti hiyo ya herufi moja ilitosha watoto kutaniana njia nzima ya kwenda shambani.

Kwa nini kanisa lilitangulia? Mama yangu alikuwa na jibu lake. Alisema mkimbizi hana hati ya shamba, hana kaburi la baba, wala hana chifu anayemjua jina. Kanisani aliandikwa. Ubatizo, ndoa na vifo viliingizwa katika daftari, na daftari hilo ndilo lililokuwa ushahidi wa pekee kwamba mtu huyo yupo. Miaka 36 baadaye, tulipojiandikisha kurudi, wapo waliothibitisha umri wa watoto wao kwa cheti cha ubatizo, kwa kuwa hawakuwa na karatasi nyingine yoyote.

Rozari za Ruvubu

Waliobaki Burundi nao walikuwa na yao. Padri Michel Kayoya, mshairi na mwandishi aliyependwa na vijana, aliuawa mjini Gitega Mei 17, 1972. Alitupwa katika kaburi la pamoja karibu na mto Ruvubu. Kwa miaka mingi jambo hilo lilisemwa kwa kunong'ona tu, na mjane wa mwaka 1972 hakuruhusiwa kuomboleza hadharani.

Mwanzoni mwa mwaka 2020, Tume ya Ukweli na Maridhiano ilifukua makaburi ya pamoja mkoani Karusi, kando ya mto huohuo wa Ruvubu, na kukuta mabaki ya watu zaidi ya 6,000. Pamoja na mifupa vilitoka nguo, miwani na rozari, na baadhi ya familia ziliwatambua ndugu zao kwa vitu hivyo. Nilipoisikia habari hiyo redioni nilizima redio, nikatoka nje nikasimama. Udongo ulikuwa umekula nyama na majina ya watu, lakini ule uzi wa shanga ulikuwa umekaa karibu miaka 50 ukisubiri kutambuliwa.

Hapa sharti niseme wazi. Rozari haikumwokoa aliyeishika. Anayewaambia watu kwamba mwenye imani hadhuriki aende kwanza Karusi. Imani ninayoiandika hapa si hirizi ya kukinga risasi. Ni kitu kingine, na nilichelewa kukielewa mpaka niliporudi nyumbani.

Ndugu wawili, kesi mbili

Serikali ya Tanzania ilipotangaza mwaka 2007 kwamba wakimbizi wa 1972 wachague kati ya kurudi na kuomba uraia, kila familia ilikaa kikao. Wengi walibaki, na zaidi ya 160,000 walipewa uraia, wakikabidhiwa vyeti kuanzia Oktoba 2014 chini ya Rais Jakaya Kikwete. Ni uamuzi wa ukarimu ambao dunia haijaona mara nyingi. Familia yetu ilikuwa miongoni mwa takriban watu 50,000 waliochagua kurudi. Mwaka 2008 tulisafiri kwa treni mpaka Kigoma, kisha kwa malori mpaka Makamba, tukiwa na mabati, sufuria, cherehani moja na baiskeli mbili.

Baba na kaka yake walikuwa na mashamba ya michikichi yaliyopakana juu kidogo ya mji wa Rumonge. Tulikuta watu ndani. Hawakuwa wezi. Mmoja alinunua kwa mtu aliyegawiwa na serikali ya wakati ule. Mwingine alizaliwa palepale, na hakuwa na kwingine anakokujua duniani. Michikichi tuliyoikuta haikuwa ile ya babu, bali ilikuwa imepandwa na mikono yao.

Kesi kama hizo zilikuwa maelfu. Mwaka 2006 iliundwa Tume ya Taifa ya Ardhi na Mali Nyingine, maarufu kama CNTB. Mkuu wake wa kwanza alikuwa padri, Aster Kana. Njia yake kubwa ilikuwa kugawana: mrejeaji achukue sehemu, aliyekutwa abaki na sehemu, wawe majirani. Mwaka 2011 akaja mwingine, naye mtu wa kanisa, Monsinyori Sérapion Bambonanire. Yeye alishikilia kwamba mali iliyoporwa irudishwe yote kwa mwenyewe, na kwamba kumgawia mtu nusu ya kilicho chake si haki.

Msomaji, tazama jambo hili kwa makini. Watu wawili wa kanisa moja, wanaosoma Injili moja, walikaa kwenye kiti kimoja na kufikia majibu mawili tofauti. Siwezi kusema kwamba mmoja alikuwa na imani na mwingine hakuwa nayo. Wa kwanza alitazama kesho, akaona watu watakaochota maji kisima kimoja. Wa pili alitazama jana, akaona yatima aliyefukuzwa usiku na ambaye hakuna aliyewahi kumwomba radhi.

Ugomvi huo uliingia katika ukoo wetu. Baba alikubali kugawana. Haikuwa rahisi. Alikaa na yule aliyemkuta mara nne, mbele ya bashingantahe wa mlima na shemasi mmoja mzee wa kanisa letu, na mara ya tatu aliondoka bila kuaga. Mara ya nne shemasi hakuhubiri wala hakufungua Biblia. Aliwauliza swali moja tu: "Mkifa, nani atachimba kaburi lenu? Watoto wenu walio Dar es Salaam na Bujumbura, au huyu hapa?" Wakanyamaza kitambo. Kisha wakaenda kupima kwa kamba.

Baba mkubwa alikataa. Alisema alimzika mke wake ugenini, na kwamba kugawana na mtu aliyekula michikichi yake kwa miaka 36 ni kumlipa mwizi mshahara. Alisubiri. Baada ya mwaka 2011 alirudishiwa shamba lote, na familia iliyokuwamo ikatolewa na vyombo vyake. Niliwaona barabarani na magodoro yao, na mtoto mdogo ameshika kuku. Sikuweza kufurahi, ingawa shamba lilikuwa la ukoo wetu. Familia ile ilikwenda kulalamika katika Mahakama Maalumu ya Ardhi iliyoundwa mwaka 2014. Mwaka 2022 CNTB yenyewe ikamaliza muda wake, lakini migogoro haikuisha kwa sababu tume imefungwa.

Baba na kaka yake waliendelea kusali kanisa moja, benchi tofauti. Nimewauliza wazee wengi nani kati yao alikuwa sahihi. Mzee mmoja wa Nyanza-Lac alinijibu: "Baba yako alipata nusu ya shamba na jirani mzima. Baba yako mkubwa alipata shamba zima na nusu ya usingizi." Ni jibu zuri, lakini si lote. Baba mkubwa pia alikuwa na haki, na haki ni neno la Mungu vilevile. Ninachojua ni kwamba Baba alipofariki, vijana wa yule tuliyegawana naye ndio waliofika alfajiri na majembe kabla hatujawaita.

Vijana arobaini wa Buta

Kutoka Rumonge ukipanda milima kuelekea Bururi utafika Buta, penye seminari ndogo ya Kikatoliki. Miaka 25 na siku moja baada ya yale ya 1972, alfajiri ya Aprili 30, 1997, waasi waliivamia seminari hiyo. Nchi ilikuwa vitani tangu kuuawa kwa Rais Melchior Ndadaye, Oktoba 21, 1993. Wanafunzi wa Buta walikuwa Wahutu na Watutsi waliolala bweni moja.

Washambuliaji waliwaamuru wajitenge, Wahutu upande huu, Watutsi upande ule. Wakakataa. Waliamriwa tena, wakakataa tena. Vijana 40 waliuawa. Mkuu wa seminari, Padri Zacharie Bukuru, alinusurika na baadaye aliandika kitabu kuhusu yaliyotokea. Alieleza kwamba umoja ule haukuanguka kutoka mbinguni usiku mmoja. Miaka yote ya vita, wakati nchi inawaka, seminari ilikuwa inawafundisha vijana wale kuzungumza waziwazi juu ya ukabila, kucheza pamoja na kusali pamoja.

Mwaka 2019 maaskofu wa Burundi walifungua rasmi mchakato wa kuomba vijana hao watangazwe wenye heri. Hawakuwa peke yao katika orodha. Yumo Padri Michel Kayoya wa 1972. Wamo wamisionari wawili wa Kiitalia, Padri Ottorino Maule na Padri Aldo Marchiol, pamoja na mwenzao Catina Gubert, waliouawa Buyengero Septemba 30, 1995. Anayejua historia yetu ataona uzito wa orodha hiyo. Aliyeuawa na upande mmoja, waliouawa na upande mwingine, na wageni waliokataa kuondoka wamewekwa katika faili moja. Katika nchi ambayo kila upande huhesabu wafu wake peke yake, hilo peke yake ni mahubiri.

Kila Aprili 30 mahujaji hufika Buta, ambako vijana hao wamezikwa kando ya kanisa. Wafanyabiashara wengi wa Rumonge hupanda na mizigo yao ya ndagala na mawese, wanasali, kisha wanauza. Sioni ubaya wowote. Kusali na kuuza siku moja ndiyo maisha yetu.

Mama wa Ruyigi

Upande wa mashariki, katika mji wa Ruyigi, yuko mtu mwingine ambaye waliopitia mpaka wa Gisuru wanamfahamu. Marguerite Barankitse, ambaye wengi humwita Maggy, alikuwa anafanya kazi katika nyumba ya askofu. Oktoba 24, 1993, watu wa kabila lake, Watutsi, waliivamia nyumba hiyo kuwatafuta Wahutu waliojificha. Walimfunga kwenye kiti wakaua watu 72 mbele ya macho yake. Watoto 25 walinusurika. Wengi wangehama nchi. Yeye alianza kutafuta chakula cha watoto 25.

Kutokana na watoto hao ilizaliwa Maison Shalom, iliyolea maelfu ya yatima wa makabila yote. Kilichowashangaza watu ni vitu alivyovijenga. Ruyigi ilipata jumba la sinema na bwawa la kuogelea, na mwaka 2008 ikapata hospitali. Alikuwa anasema kwamba yatima hahitaji uji tu, anahitaji pia kucheka. Mwaka 2015, katika msukosuko wa kisiasa wa mwaka ule, aliondoka nchini, na mwaka 2016 alipewa Tuzo ya Aurora mjini Yerevan, Armenia. Huko Rwanda alianza upya, akiwahudumia wakimbizi wa Kirundi mjini Kigali na katika kambi ya Mahama. Mtu aliyekuwa anapokea wakimbizi akawa mkimbizi, na kazi haikusimama.

Nimemtaja kwa sababu kuna aina ya imani inayokaa kusubiri na kuna aina inayoamka kutafuta uji. Zote mbili huimba nyimbo zilezile, kwa hiyo ukitaka kuzitofautisha, rudi Jumatatu.

Imani na mkoba wa mchuuzi

Nirudi kwa wasomaji wangu wa mpakani, wanaovuka Mugina na Manyovu, Kobero na Kabanga, na mabega yaliyochubuka kwa mizigo. Maisha si mepesi. Faranga imeshuka, na mwaka 2023 Benki Kuu yenyewe iliishusha thamani. Shilingi ya Tanzania hutafutwa kama dawa. Petroli imekuwa adimu miaka hii ya karibuni, na nauli ya pikipiki hupangwa na mwenye pikipiki. Mpaka wetu na Rwanda ulifungwa Januari 2024, na waliokuwa wakitegemea Kanyaru wakajikuta hawana soko.

Katika hali hiyo mchuuzi anaishi kwa kuaminika. Gunia la mchele linatoka Kasulu kwa ahadi, na pesa inakuja baada ya soko. Mama mmoja muuza vitenge aliniambia kwamba hakopeshi mtu kwa sababu ameokoka, kwa kuwa "waliookoka wa mdomo ni wengi". Anamkopesha aliye katika kikundi chake cha Alhamisi. Vikundi hivyo vya kuweka na kukopa, vingi vikikutana katika majengo ya kanisa, vimewashika wanawake wengi. Umoja wa Akina Mama wa Kanisa la Anglikana ulianza mwaka 2000 mpango wa kufundisha watu wazima kusoma na kuhesabu, na madarasa mengi yakaendelea kuwa vikundi vya akiba. Mwanamke aliyerudi kutoka kambini akiweka alama ya dole gumba leo anasoma risiti mwenyewe, na dalali hawezi kumdanganya kwa urahisi.

Lakini niseme pia kuhusu upande mwingine. Penye dhiki hapakosi manabii wa kuuza dhiki. Wapo wanaopita katika vijiji vya amani walikojengewa waliorudi wasio na ardhi, wanaahidi viza ya Canada kwa sadaka ya mbegu na kesi ya shamba kushinda kwa mafuta ya upako. Namfahamu mama aliyeuza mabati aliyokuja nayo kutoka Tanzania ili kumpa mmoja wao. Mvua ya Novemba ikamkuta chini ya turubai. Huyo nabii hajarudi. Ukiambiwa utoe fedha ili Mungu akusikie, ujue anayetaka kukusikia ni mwenye mfuko.

Wanaokimbilia kwetu

Mwanzoni mwa mwaka 2025, baada ya Goma na kisha Bukavu kutekwa na waasi wa M23, makumi ya maelfu ya Wakongo walivuka mto Rusizi kuja kwetu, wengine wakiogelea na watoto mgongoni. Walirundikana katika uwanja wa mpira wa Rugombo, Cibitoke, na katika shule na makanisa.

Nilikwenda Rugombo wiki hizo. Kilichonigusa ni wale waliokuwa wanawapelekea chakula. Sitasema walikuwa wengi, wala sitasema kilitosha, kwa sababu hakikutosha. Lakini kati ya waliobeba masufuria niliwasikia wanaozungumza Kiswahili cha Kasulu. Walikuwa waliorudi. Mmoja wao, aliyekaa miaka 12 katika kambi ya Mtabila mpaka ilipofungwa mwaka 2012, alikuwa amebeba maharage ya nusu ndoo. Nilimwuliza amepata wapi, wakati bei ya maharage haishikiki. Akanijibu: "Nayajua maharage ya msaada, huja baada ya siku kumi. Hizo siku kumi ndizo za kwetu."

Hatuna pa kusahau. Usiku wa Agosti 13, 2004, wakimbizi zaidi ya 150 kutoka Kongo, wengi wao Wanyamulenge, waliuawa katika kambi ya Gatumba, mwendo mfupi kutoka Bujumbura. Walikuja kwetu kutafuta usalama. Wengi wa walionusurika walihamia Marekani, ambako kila Agosti hukusanyika kuwaombea wapendwa wao. Ndoo ya maharage ya Rugombo haifuti Gatumba. Lakini ni afadhali tuwe watu wa ndoo.

Tumaini ni kazi

Nilianza na swali la mchuuzi, na mchuuzi hapendi hesabu isiyofungwa. Imani ilifanya kazi gani? Iliandika majina yetu tulipokuwa hatuna karatasi. Iliwakalisha Baba na mpinzani wake mara nne badala ya mara moja. Iliwafundisha vijana wa Buta neno moja la kukataa, na ikampa mtu aliyerudi mikono mitupu sababu ya kumpikia anayekuja mikono mitupu.

Haikuzuia risasi wala haikupunguza bei ya mafuta. Haikumaliza kesi ya baba mkubwa. Gharama yake ililipwa na watu halisi: nusu ya shamba, uhai wa vijana 40, ndoo ya maharage ya familia isiyo na akiba.

Kwa hiyo nina maombi matatu kwa wenzangu waliorudi na kwa wale waliotupokea. Kwanza, mapatano ya ardhi yaliyofanywa kwa kupeana mikono yaandikwe na kusajiliwa tarafani sasa, wakati wazee mashahidi wangali hai. Tarafa na mikoa imepangwa upya, mikoa 18 imekuwa 5 tangu mwaka 2025, na mafaili hupotea yanapohamishwa. Watoto wetu wasije wakapigana kwa kukosa karatasi. Pili, viongozi wa dini wasiwaachie manabii wa barabarani kazi ya kuwatembelea wasio na ardhi. Tatu, tusiache kuimba wimbo wa pili. Abasangwa wameanza kuujua, na siku hizi wako watoto wao wanaouimba wamefumba macho.

Mvua za masika zikianza, michikichi ya pande zote mbili za mpaka ule aliopima Baba kwa kamba hupaliliwa wiki moja. Hatujawahi kupanga hivyo. Ila ukimwona jirani ameshika jembe, unaona aibu kukaa.